Kufanya ovahoo injini ya gari la zamani iliyoharibika ndani

Injini ikinoki hadi ikakwama, au pistoni ikapasuka na kumwaga vipande kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), mtu hukimbilia kuagiza vipuri. Subiri kwanza. Kuna maswali mawili ya kujibu kabla ya kununua hata ringi moja: ni kitu gani kilianza kuharibika, na unga wa chuma uliotokana nacho umefika wapi. Krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) iliyosagwa vizuri na beringi mpya hazitadumu ikiwa pampu iliyoleta ukame wa oili imerudishwa ilivyo, au ikiwa chembe za beringi ya zamani bado zimelala kwenye njia za oili za bloku, zikingoja presha ya kwanza izisukume kwenye beringi mpya.

Maelezo haya yanalenga zaidi injini za petroli za silinda nne au sita zenye bloku ya chuma cha kusubu, kamshafti (shafti yenye nundu zinazofungua valvu) ndani ya bloku na pushirodi (vijiti vinavyopeleka msukumo wake juu), kwa kuwa ndizo zilizobeba magari mengi ya miaka ya 1950 hadi 1970. Vipimo vinavyotajwa ni vya kuongozea. Pale kitabu cha injini yako kinapotoa kipimo kingine, fuata kitabu.

Kabla ya kufungua

Kama injini inagonga, usiiwashe tena ili usikie mlio vizuri zaidi. Kila mzunguko unachimba shingo ya krenki (sehemu inayozunguka ndani ya beringi), na dakika moja tu yaweza kuitoa krenki kwenye kundi la zinazosagika na kuiingiza kwenye kundi la kutupwa.

Kama haigongi lakini imepoteza nguvu, pima kampresheni (presha inayojengwa ndani ya silinda). Toa plagi zote, fungua kabureta hadi mwisho, hakikisha betri imejaa, na zungusha kwa stata mpaka sindano iache kupanda. Silinda zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Kwenye silinda iliyo chini, mimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi kisha pima tena. Kipimo kikipanda, hewa inapita kwenye ringi au ukuta wa silinda. Kisipopanda, tafuta kwenye valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, karibu kila mara gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) imeungua katikati yake.

Mwaga oili kupitia kitambaa cheupe. Ikate filta kwa kisu cha bati badala ya msumeno, maana msumeno huacha chembe zake na kukuchanganya, halafu tandaza karatasi yake. Chembe zinazoshikwa na sumaku zimetoka kwenye ringi, krenki, kamshafti au ukuta wa silinda. Zinazong'aa kijivu na zisizoshikwa ni za pistoni au tabaka la juu la beringi. Ukiona rangi ya shaba, beringi imeshalika hadi tabaka la kati, au bushi fulani inakwisha.

Jambo moja linapimwa vizuri zaidi injini ikiwa bado garini: mchezo wa krenki wa mbele na nyuma. Weka geji ya saa kwenye puli ya mbele, mtu akanyage klachi na kuiachia. Kwa injini nyingi mchezo huo ni kati ya milimita 0.05 na 0.20. Injini za Triumph, kwa mfano za Spitfire na TR6, zinajulikana kwa kudondosha washa za thrasti (zinazozuia krenki isisogee mbele na nyuma) ndani ya sampu, na baada ya hapo krenki huanza kula chuma cha bloku yenyewe. Ukikuta mchezo wa milimita nzima, jiandae kwa kazi ya bloku pamoja na krenki.

Kufungua bila kupoteza ushahidi

Kila kofia ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) na kila kofia ya meini (beringi kuu zinazobeba krenki) ilichongwa pamoja na mwenzake. Zikibadilishana, tundu haliwi tena mviringo kamili. Kama hazina namba, zigongee alama ubavuni kwa panchi, upande uleule kwa zote, kabla ya kulegeza nati. Maganda ya beringi yapange mezani kwa mpangilio wa injini, ya juu na ya chini, huku mgongo wa kila ganda ukiandikwa kwa kalamu ya rangi. Tapeti (zinazokaa juu ya nundu za kamshafti), pushirodi na roka (mikono inayokandamiza valvu) nazo zikae kwa mpangilio, hata kama unadhani utazitupa.

Juu ya silinda iliyotumika sana huwa kuna ukingo ambao ringi hazikuufikia. Uondoe kwa kifaa chake kabla ya kusukuma pistoni nje, la sivyo ringi itagonga pale na kuvunja mfereji wa pistoni ambayo huenda ilikuwa nzima. Bolti za konrodi zivishe vipande vya mpira wa petroli ili zisikwaruze shingo za krenki wakati wa kutoka.

Kusoma uharibifu

Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa, kwa hiyo usiharakishe. Weka vipande kwenye mwanga mzuri na uvitazame kabla ya kuviosha.

Anza na beringi. Ganda lenye mikwaruzo ya kuzunguka na chembe zilizozama ndani yake limeuawa na uchafu. Ganda lililong'aa na kusugulika kana kwamba limefutwa kwa kidole, mara nyingine likiwa na weusi wa joto mgongoni, limekosa oili. Maganda ya konrodi yakiwa yamekwisha kuliko ya meini, fahamu kwamba hilo ni kawaida ya ukame wa oili, kwa kuwa oili hufika meini kwanza ndipo ipite ndani ya krenki kwenda konrodi. Ganda lililokwisha ukingo mmoja juu na ukingo wa upande wa pili chini linaonyesha konrodi iliyopinda. Maganda ya meini yaliyolika zaidi katikati ya injini kuliko kwenye ncha yanaonyesha krenki iliyopinda au bloku iliyojikunja. Ganda la juu la konrodi likiwa limepondwa, au tabaka lake limebanduka vipande, huku la chini likiwa salama, mzigo umetoka juu: mchanganyiko wa petroli na hewa umekuwa ukilipuka kwa kishindo badala ya kuungua kwa mpangilio.

Pistoni nayo husema. Sketi iliyochubuka pande zote nne ni ya joto kali au nafasi ndogo mno kati yake na silinda. Iliyochubuka upande mmoja tu wa msukumo mara nyingi imekosa oili ukutani, na chanzo cha kawaida ni petroli nyingi inayoosha silinda. Tundu lililoyeyuka katikati ya kichwa cha pistoni limetokana na mwako ulioanza kabla ya cheche, kwa sababu ya plagi ya joto lisilofaa au mchanganyiko wenye petroli kidogo. Kuta kati ya mifereji ya ringi zikivunjika bila dalili ya kuyeyuka, hiyo ni kazi ya ule mlipuko wa kishindo. Kwenye magari ya zamani chanzo chake huwa ni taimingi iliyopelekwa mbele mno, uzito wa distribyuta (kigawa umeme wa plagi) uliokwama kwa kutu, hewa inayovuja kwenye gasketi ya manifoldi, au petroli yenye okteni ndogo kuliko injini inavyotaka. Ukibadilisha pistoni bila kufungua distribyuta, utaivunja na hiyo mpya.

Valvu iliyokatika kichwa huacha alama isiyosahaulika: pistoni na chumba cha hedi vimegongwagongwa kila mahali. Kwenye Volkswagen zinazopozwa kwa hewa, silinda ya 3 ndiyo yenye sifa hiyo mbaya, kwa sababu kipoza oili cha zamani kilisimama kwenye njia ya hewa yake, na valvu ya ekzosi ikachoka kwa joto. Kipoza hicho kilihamishwa kwenye magari ya modeli ya 1971. Ukijenga upya injini ya kabla ya hapo, hesabu valvu za ekzosi kama vipuri vya kubadilishwa, hata zikionekana nzima.

Konrodi iliyopinda bila sababu ya wazi humaanisha silinda ilijaa kimiminika. Angalia kama floti ya kabureta inakwama na kumwaga petroli, na kama gasketi inapitisha maji.

Mwisho, fungua pampu ya oili. Ni kipande pekee cha mfumo kinachovuta oili ambayo haijapita kwenye filta, hivyo kila chembe iliyodondoka imepita humo. Tazama pia valvu ya presha pamoja na springi yake, kwani chembe moja ikiishika wazi, presha hushuka hata kama pampu ni mpya. Na chujio la kufyonzea lililozibwa na vipande vya silikoni ya gasketi ni chanzo cha vifo vingi vya injini ambavyo watu huvilaumu kwenye oili.

Kusafisha, kazi isiyopewa heshima yake

Beringi inaposagika, filta huziba haraka, kisha valvu yake ya pembeni hufunguka na oili huendelea kuzunguka bila kuchujwa. Ndiyo maana unga wa chuma hufika kila mahali. Kuosha bloku kwa nje na kupuliza hewa kwenye matundu hakutoshi.

Toa vizibo vyote vya njia za oili, hata vile ambavyo havijawahi kuguswa tangu kiwandani. Vya skrubu hulegea ukipasha joto chuma kinachovizunguka. Vya kugongea vitobolewe na kuvutwa, kisha tundu lipigwe tapu ili upachike vya skrubu. Pitisha brashi ndefu nyembamba, kama ile ya kusafishia mtutu wa bunduki, kwenye kila njia kutoka ncha hadi ncha, ukitumia mafuta ya taa, halafu maji ya moto yenye sabuni, halafu hewa ya kompresa kutoka pande zote mbili. Vaa miwani. Endelea mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe.

Krenki ina njia zake kutoka shingo za meini kwenda shingo za konrodi, na nyingine zina vizibo ambavyo nyuma yake uchafu hujikusanya kwa miaka. Vitoe pia. Shafti ya roka ina vizibo vya mwisho, na pushirodi zenye uwazi zinahitaji kupitishiwa waya wenye brashi. Kipoza oili usijaribu kukiokoa. Mirija yake haifikiki kwa brashi, na hakuna njia ya kuthibitisha kuwa ni safi, kwa hiyo nunua kipya pamoja na mipira yake.

Kama pistoni au valvu ilivunjika, manifoldi ya kuingizia hewa nayo ni eneo la tukio. Vipande hurushwa nyuma kupitia valvu iliyo wazi, hukaa ndani ya manifoldi, halafu huvutwa na silinda nyingine injini inapowashwa. Ining'inize, igonge kwa nyundo ya mpira, ioshe, ichungulie kwa taa na kioo.

Ukipeleka bloku kwenye tangi la magadi ya moto, toa kwanza beringi za kamshafti, kwani magadi huzila. Usitie humo kitu chochote cha alumini.

Kupima

Unahitaji mikrometa ya nje, geji ya silinda, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), rula ya chuma iliyonyooka kabisa na geji ya saa. Bila hivi unabahatisha.

Shingo za krenki zipimwe sehemu mbili kwa urefu na pande mbili kwa mzunguko. Tofauti ya zaidi ya milimita 0.025 kati ya kipenyo kimoja na kingine kwenye shingo ileile inatosha kuipeleka kwenye mashine, na injini nyingi zinataka iwe nusu ya hiyo. Shingo mbovu kuliko zote ndiyo inayoamua saizi ya zote za kundi lake. Saizi za kawaida ni 0.25, 0.50, 0.75 na milimita 1.00 chini ya standadi. Hakikisha beringi za saizi hiyo zinapatikana na umezishika mkononi kabla krenki haijasagwa. Kwa injini adimu, hili ndilo huwakwamisha wengi.

Silinda huchakaa zaidi juu, chini kidogo ya ukingo, upande wa msukumo. Pima juu, katikati na chini, kwa mwelekeo wa krenki na kwa kuukata mwelekeo huo. Tofauti kati ya juu na chini ikizidi milimita 0.10, ringi mpya pekee hazitaziba, hivyo fanya riboo (kuchonga silinda iwe pana zaidi). Ufa au mchubuko wa kina kwenye silinda moja unaweza kuokolewa kwa slivu (mrija mpya unaopachikwa ndani ya silinda), na bloku adimu ikabaki na namba yake ya asili.

Uso wa bloku na wa hedi upimwe kwa rula na fila geji, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Fila ya milimita 0.05 isipite ndani ya urefu wa sentimita 15. Kwa urefu wote wa hedi ya silinda nne, 0.10 ndiyo mpaka.

Unachomwambia fundi wa mashine

Usimwachie bloku na kusema "tengeneza". Mpe pistoni mpya pamoja na bloku, ili achonge kila silinda kwa kipimo cha pistoni yake, kwa sababu hata pistoni za seti moja hupishana kidogo. Pistoni hupimwa kwenye sketi, kwa pembe ya digrii 90 na pini. Pistoni za kusubu za takriban milimita 80 kwa kawaida hutaka nafasi ya 0.03 hadi 0.05. Za kufua hutaka zaidi, kwa kuwa hutanuka zaidi. Mtengenezaji wa pistoni ndiye mwenye neno la mwisho.

Kwa krenki, omba ikaguliwe nyufa kwa unga wa sumaku kabla ya kulipia kusagwa. Omba kona za shingo zibaki na mviringo wake, maana kona iliyosagwa kwa pembe kali ndipo krenki inapokatika baadaye. Kama krenki ilikuwa imepewa ngozi ngumu kwa naitrojeni, irudishiwe baada ya kusagwa. Konrodi zipimwe kupinda na kujipinda kama kamba, na matundu yake makubwa yarudishwe mviringo. Bolti za konrodi ziwe mpya, na ziwekwe kabla ya kazi hiyo, kwa sababu bolti mpya huweza kusogeza kofia kidogo.

Baada ya riboo, ukuta wa silinda husuguliwa kwa jiwe hadi mistari ikatane kwa takriban digrii 45. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili na kuzoesha ringi. Jiwe huacha unga mkali ndani ya mistari, na petroli haiutoi. Kinachoutoa ni maji ya moto, sabuni ya vyombo na brashi ngumu, mara kwa mara, mpaka kitambaa cheupe chenye oili kikipanguswa ukutani kisitoke na kijivu. Kausha upesi na upake oili, kwani chuma kitupu hushika kutu ndani ya dakika chache.

Hedi

Ipimwe kwa presha ya maji na kuangaliwa nyufa kati ya siti za valvu (mahali valvu inapokalia ikifunga). Gaidi za valvu (mirija inayoongoza shina la valvu) zilizolegea zibadilishwe kabla ya siti kuchongwa, kwa kuwa siti hufuata gaidi. Upana wa mguso wa milimita 1.2 hadi 1.5 kwa valvu ya kuingiza na 1.5 hadi 2.0 kwa ya ekzosi unafaa injini nyingi. Ya ekzosi hutoa joto lake kupitia siti, hivyo usiifanye nyembamba. Valvu ambayo ukingo wake umebaki chini ya milimita 0.8 itupwe.

Hedi za chuma za enzi hizo zilitegemea madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya petroli kulinda siti za ekzosi. Petroli hiyo haipo tena kwenye vituo vya magari. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho kuiacha, Julai 2021. Hedi ikiwa tayari iko mezani, weka siti ngumu upande wa ekzosi, usiache kazi hiyo kwa siku nyingine.

Kufunga

Meza safi, mikono safi, bloku ikifunikwa kwa mfuko wa plastiki kila unapoondoka. Safisha thredi zote za bloku kwa tapu na uzipulize. Tundu lisilo na mwisho wazi likibaki na oili au maji, bolti ikikazwa humo inaweza kupasua bloku.

Migongo ya maganda ya beringi na makao yake viwe vikavu kabisa, oili iende upande wa krenki tu. Tundu la ganda lilingane na njia ya oili. Usipige tupa kofia ili kubana beringi. Maganda yametengenezwa yajitokeze kidogo ili yabanwe yasizunguke, na tupa huharibu hilo moja kwa moja.

Pima nafasi ya beringi kwa Plastigage (uzi laini unaobanwa bapa): lalisha kipande juu ya shingo kavu, kaza kofia kwa toki (nguvu ya kukaza) kamili bila kuzungusha krenki, fungua, linganisha upana na karatasi yake. Kanuni ya zamani ni milimita 0.025 kwa kila milimita 25 za kipenyo, yaani shingo ya milimita 50 hupata takriban 0.05. Ikiwa 0.10 au zaidi, presha ya oili haitasimama injini ikipata joto. Ikiwa 0.02, injini inaweza kushika.

Kaza meini moja baada ya nyingine na uzungushe krenki kwa mkono kila baada ya kofia. Ikizidi kuwa nzito kwenye kofia fulani, tatizo liko hapo, na ni rahisi kulipata sasa kuliko ukiwa umekaza zote tano. Washa za thrasti hukaa mifereji yake ikitazama krenki. Ukiigeuza, italika haraka.

Ringi zipimwe moja moja ndani ya silinda yake. Isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya. Kwa ringi ya juu, hesabu milimita 0.10 kwa kila milimita 25 za silinda, basi silinda ya milimita 80 inataka takriban 0.32. Mwanya mdogo mno ni hatari kuliko mkubwa, kwa sababu ringi ikipata joto ncha hugusana, ringi husimama na kuvunja pistoni. Alama ya TOP itazame juu. Mianya ipishane kwa digrii 120.

Toki hupimwa kwa thredi safi, na kitabu husema kama ni kavu au yenye oili. Ukipaka oili kwenye bolti iliyoandikiwa toki kavu, utaivuta kupita kiasi bila spana kukuonyesha. Hedi ikazwe kwa hatua tatu, kuanzia katikati kwenda nje kwa mzunguko. Tofauti za toki ndani ya injini moja ni kubwa: kwenye Volkswagen ya 1600, nati za konrodi huchukua takriban Nm 33, ilhali nati moja ya flaiwili huchukua takriban Nm 343.

Kamshafti mpya huenda na tapeti mpya, daima. Tapeti ya zamani imejichora sura ya nundu yake ya zamani, na ikikutana na nundu mpya huila. Paka nundu na nyuso za tapeti mafuta mazito ya kufungia kamshafti, na hakikisha kila tapeti inazunguka kwa uhuru ndani ya tundu lake. Mnyororo wa taimingi nao uwe mpya, alama zilingane pistoni ya 1 ikiwa juu.

Hedi au bloku ikiwa imeskimiwa (imesagwa uso), pima nafasi kati ya valvu na pistoni. Bandika udongo wa kufinyangia juu ya pistoni, funga hedi na gasketi yake, zungusha krenki mizunguko miwili kwa mkono, fungua na ukate udongo. Pawe na angalau milimita 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa ekzosi.

Gundi ya gasketi ni kidogo tu, uzi mwembamba. Kinachofinywa nje kinafinywa na ndani vilevile, na cha ndani huishia kwenye chujio.

Kuwasha

Pampu ya oili ijazwe oili au vaselini wakati wa kufunga, si grisi. Kisha, plagi zikiwa nje na kabla distribyuta haijaingia, zungusha pampu kwa drili kupitia shafti yake kama injini yako inaruhusu, mpaka geji ionyeshe presha na oili itokeze kwenye roka. Kama hairuhusu, zungusha kwa stata bila plagi kwa vipindi vifupi. Injini isiwashwe bila presha kuonekana kwanza.

Andaa kila kitu ili iwake mara moja: taimingi ya cheche imewekwa, kabureta ina petroli, radieta imejaa na hewa imetolewa, kizima moto kiko karibu. Kuzungusha stata muda mrefu huifuta kamshafti mafuta yake. Ikiwaka, ipandishe papo hapo hadi mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika na uiachie humo kwa dakika 20, ukipandisha na kushusha kidogo. Usiiache silensa (ikizunguka polepole bila kukanyagwa) ikiwa mpya, kwa kuwa nundu za kamshafti hupata oili kwa kurushiwa na krenki, na kwenye silensa krenki hairushi ya kutosha. Ikianza kupata joto kupita kiasi, zima, irekebishe, kisha endelea pale ulipoachia. Presha ya takriban bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 ni ya kuridhisha.

Oili iwe ya madini, si sintetiki, na iwe na zinki na fosforasi ya kutosha kwa tapeti bapa. Tangu daraja la API SM (kiwango cha ubora wa oili) lilipoanza mwaka 2004, fosforasi kwenye oili nyepesi kama 5W-30 imewekewa kikomo cha asilimia 0.08. Tapeti bapa hupenda karibu 0.10 hadi 0.12, ambayo hupatikana kwenye oili zilizotengenezwa kwa magari ya zamani. Soma karatasi ya bidhaa kabla ya kununua.

Baada ya zile dakika 20, mwaga oili, badilisha filta na uikate. Uzi mwembamba wa kijivu ni wa ringi kuzoeana na silinda. Vipande vinavyohesabika, au rangi ya shaba, vinamaanisha sampu ifunguliwe leo. Injini ikipoa kabisa, rudia toki ya hedi kama gasketi yako inataka hivyo, na urekebishe upya nafasi za valvu. Kwenye injini za BMC A-series (kama ya Mini ya zamani) ni milimita 0.30 ikiwa baridi, na kwenye Volkswagen zinazopozwa kwa hewa ni 0.15.

Kilomita 800 za kwanza usiibembeleze kupita kiasi. Ringi husukumwa ukutani na presha ya mwako, na gari linaloendeshwa taratibu mno kwa mzigo mdogo humaliza mistari ya silinda kabla ringi hazijaziba, likabaki kula oili maisha yake yote. Likiwa kwenye gia ya tatu, kanyaga kwa nguvu ya wastani kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa, kisha achia lipungue lenyewe kwa injini, urudie mara kumi hivi kwenye barabara wazi. Epuka kupanda mlima kwa gia kubwa huku injini ikilalamika, na epuka kukaa kwenye kasi moja kwa muda mrefu. Badilisha oili na filta tena kwenye kilomita 800, ikate filta na hiyo, na kama ni safi endelea na ratiba ya kawaida ya kitabu.